Sungura anakula kitanda chake

Nianze na gunia la maranda maana ndo lilikua mwalimu wangu wa kwanza. Mwezi wa sita mwaka 2021 binti yangu alikua na miaka nane, alinisumbua sana anataka sungura, nikamtafutia wawili, dume mweupe tukamuita Pamba na jike mweusi tukamuita Mkaa, walikua na kama miezi miwili hivi. Tunaishi Nkuhungu, na anayeijua Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba anajua ule upepo wa usiku unavyopuliza, baridi inapita kwenye sweta inaingia mpaka kwenye mifupa, basi mi nikawaza hawa watoto wanahitaji kitu cha joto cha kulalia, nikaenda kwa fundi seremala mtaa wa pili nikaomba maranda, akanijazia gunia zima bure na kijana wake akanibebea mpaka nyumbani. Nikamwaga banda zima, yalikua mazuri jamani, laini, yanang'aa, yananukia mbao mpya, binti yangu akaingiza na mikono humo akacheka. Nilijiona nimewafanyia jambo la maana kabisa.

Siku ya tatu Pamba akaanza chafya. Mbili tatu, nikasema vumbi tu, Dodoma na vumbi ni kitu kimoja. Siku ya tano macho yakawa yanatoa machozi, manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yameshikana kwa sababu anajifutia pua muda wote, na ukiweka sikio karibu unasikia pumzi inakwaruza. Nikampigia bwana mifugo, mzee mmoja mtaratibu sana anayetibu zaidi mbuzi na kuku wa watu, akaja na pikipiki yake. Hakumgusa hata sungura kwanza. Alichukua maranda kiganjani akayanusa, akayasugua kwa vidole, akaniuliza, "Mama, haya ni ya mbao gani?" Nikabaki namuangalia. Mbao si mbao tu? Akanambia nenda kamuulize aliyekupa alafu unipigie.

Nikaenda. Fundi alinijibu bila kuficha kitu, "Mchanganyiko dada'angu, kuna paini ya Mafinga, kuna mninga kidogo, na juzi tulikua tunaranda kenchi za mtu zile za dawa." Sasa paini mbichi ina mafuta yenye harufu, ile harufu nzuri tunayoipenda ukipita karakana, na sungura akikaa juu ya ile harufu usiku na mchana inamchokoza pua na mapafu, na ikiendelea siku nyingi hata ini linapata kazi ya ziada. Seda, mti mwingine wa mbao zenye harufu kali, ndo mbaya kuliko paini. Lakini kilichonitisha ni hizo kenchi za dawa, mbao zinazotiwa dawa zisiliwe na mchwa, ukiziangalia zina ukijani fulani, ule ukijani ni wa shaba na baadhi ya dawa hizo zina mpaka aseniki ndani, sumu kali ile. Nilikimbia nyumbani, yaani nilikimbia kweli, nikatoa maranda yote, nikafagia, nikafuta banda kwa kitambaa chenye maji, na hapo hapo nikamuona Mkaa kwenye kona anatafuna. Anatafuna kiranda kirefu kilichojikunja kama utepe, taratibu kabisa, kama mtu anayekula mkate.

Hapo ndo kitu kikaniingia kichwani. Mi nilikua nawaza kama binadamu, kwamba kitanda ni kitanda na chakula ni chakula. Sungura hana hiyo. Chochote unachomtandikia atakionja, na akikipenda atakimaliza, analala juu yake na anakula hapo hapo na kinyesi kile laini anachokitoa kwa siri anakila hapo hapo (usimzuie, ndivyo alivyoumbwa, kile kina vitamini ambazo tumbo lake limetengeneza, akikikosa anadhoofu). Kwahiyo tangu siku ile kabla sijaweka kitu bandani najiuliza maswali mawili tu, akikila itakuaje, na hiki kitu kimetoka wapi.

Pamba alipona. Bwana mifugo alimpa dawa ya siku kadhaa lakini alinambia dawa kubwa ni kule kumtoa kwenye maranda, na kweli ndani ya wiki chafya zikaisha.

Baada ya hapo nikahamia maganda ya mpunga, maana kuna jirani mashine yake ya kukoboa anatupa milima na milima ya maganda. Sitaongea sana hapa. Ni makavu vizuri, hayana harufu, wafuga kuku wanayapenda, ila yana ncha na vumbi lake ni lile linaloelea, siku ya pili Mkaa akawa na ganda limeingia pembeni ya jicho, nililitoa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mikono inatetemeka. Nikaacha. Wanaoweka chini kabisa alafu juu wanafunika na nyasi nyingi sina ugomvi nao, lakini mi kwangu hapana.

Ikabidi nitafute nyasi. Na hapa ndo nataka nikae kidogo maana nimeona watu wengi wanadhani nyasi kavu ni nyasi kavu, na Dodoma hii kosa hilo ni rahisi sana kulifanya. Mvua zetu ni fupi, zinaanza mwezi wa kumi na mbili hivi zikijitahidi zinafika wa nne, basi, ukifika mwezi wa nane kila nyasi unayoiona imesimama ni kavu, ya njano, na mtu anadhani ameshapata hei, yale majani yanayokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo, ya bure barabarani. Ile siyo hei. Ile imekauka yenyewe ikiwa imesimama, mbegu zimedondoka, imebaki mti tu, na ya pembeni ya barabara ina moshi wa magari na mikojo ya mbwa na huwezi kujua nani alipiga dawa ya magugu hapo wiki iliyopita. Aliyenifundisha hei ni bibi mmoja Mgogo anayeuza majani ya mbuzi njia ya kwenda Msalato, nilimsalimia mbukwenyi, tukaongea, nikamwambia shida yangu, akanishika mkono akasema "mwanangu, majani yanakatwa yakiwa na akili bado." Maana yake yakatwe yakiwa ndo yanaanza kutoa maua, mwezi wa tatu huko, kabla hayajazeeka, alafu yanatandazwa yanageuzwa mara kwa mara mpaka yakauke huku yana ukijani. Alivunja fungu lake moja akaninusisha. Harufu yake ni kama chai, tamu, ya majani. Alafu akanionyesha fungu lingine la jirani yake, lile ukilipiga linatoa moshi mweusi mweusi. Akanambia hilo hata mbuzi wangu simpi.

Ule moshi ni ukungu. Na ukungu kwa sungura ni hatari pande zote mbili, akiuvuta unampata mapafu na akiula unampata tumbo na ini. Sisi watu wa kanda ya kati hatuhitaji kuelezwa sana hili, mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa sababu ya nafaka iliyoota ukungu, watu wazima na watoto, sasa sungura wa kilo mbili atakua nani. Ndo maana nilipoambiwa na shemeji yangu nitumie maganda ya karanga, maana kwao karanga ni nyingi, nilikataa kistaarabu, maganda ya karanga yanapata ukungu huo huo na huwezi kuuona kwa macho mara zote. Majani ya mpunga kutoka Bahi nayatumia kulalia, siyo chakula hasa maana hayana lishe kubwa, lakini akiyatafuna hayamdhuru, ila nayo nilishawahi kununua marobota mawili yaliyonyeshewa yakiwa kwenye kirikuu, nje makavu kabisa, nikaingiza mkono katikati nikakuta joto. Joto kabisa, kama mtu mwenye homa. Nilikata kamba nikayafungua, katikati kulikua na utando mweupe. Hela ilienda. Sasa hivi sinunui robota bila kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, muuzaji akinuna anune.

Hei nzuri nayoipata ni ya kutoka Kongwa, kule kuna ranchi na kuna watafiti wa malisho kwahiyo watu wanajua kulima majani na kuyafunga, nanunua mwezi wa tano wakati bado ni nyingi, naweka stoo juu ya mbao zisiguse sakafu, na nafunika na shuka la pamba siyo turubai, turubai linafungia jasho. Kabla ya kuwapa natandaza juani kwenye mkeka masaa mawili matatu, kupe wakiwepo wanakimbia na panya akiwa amekojoa utaona au utanusa.

Sasa nije kwa Mkaa. Nimekua nikiizunguka hii sehemu.

Meno ya sungura hayaachi kukua mpaka anakufa, yale ya mbele yanaota zaidi ya sentimita kumi kwa mwaka, kwahiyo lazima atafune, asipotafuna yanarefuka yanapishana anashindwa kula huku sahani imejaa. Hilo nilikua nimeshaambiwa. Kwahiyo nikawa natafuta vitu vya kutafuna, na mwezi wa nane ule tulikua tumeletewa mahindi kutoka Kibaigwa ya kwenye magunzi bado, tukakaa jioni na binti yangu tunapukuchua, magunzi yamejaa beseni, nikaona hiki ndo chenyewe, kigumu, cha asili, hakina dawa, ng'ombe wanakula. Nikawapa kila mmoja gunzi. Pamba alilinusa akaliacha. Mkaa alilipenda sana. Usiku nilimsikia anavyolitafuna, karrr karrr, nikalala nimefurahi.

Asubuhi ilikua Jumapili. Mchicha wa jana upo vile vile. Amekaa amejikunja kama mpira, macho nusu, na anasaga meno, siyo ile ya kufurahi ya taratibu unapomkuna kichwani, hii ni ya nguvu, ya maumivu. Tumbo nikaligusa limekaza kama ngoma. Na chini hamna hata punje moja ya kinyesi. Nikasema labda ameshiba gunzi, tuende kanisani tukirudi atakua sawa. Tukarudi vile vile. Nikasema tusubiri jioni. Jioni nikampigia bwana mifugo, yupo msibani Mpwapwa, akanambia mpe maji kwa bomba la sindano kidogo kidogo pembeni ya mdomo, msugue tumbo, kesho alfajiri nakuja. Alikuja saa moja asubuhi kweli kama alivyosema, akajitahidi, saa sita mchana Mkaa akafa kwenye khanga yangu.

Nilimuomba amfungue nijue. Alinipa kipande nikakishika, kipande cha gunzi, kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, kimenyonya maji kimevimba, kilikua kimekaa pale utumbo unapoanza. Sungura hawezi kutapika. Kikishaingia kinatakiwa kipite, hakuna njia nyingine, na gunzi haliyeyuki. Alafu akanambia kitu nimekibeba mpaka leo, kwamba sungura akikaa masaa kumi na mbili bila kula wala kutoa kinyesi hiyo siyo ya kusubiri kesho, ni dharura kama ya mtoto mchanga. Mi nilisubiri siku nzima. Binti yangu alimzika chini ya mpapai na boksi la viatu na mpaka leo akipukuchua mahindi anakusanya magunzi yote anayapeleka jikoni kwa bibi yake yakawashie moto, hataki yabaki chini.

Nimewasikia watu wakisema babu yao aliwapa sungura magunzi miaka yote na hawakufa. Sawa, siwapingi, wengine yanapita. Ila wa kwangu halikupita, na siwezi kumpa sungura mwingine kitu ambacho kinategemea bahati.

Baada ya hapo nilikua muoga wa kila kitu karibu mwezi mzima, Pamba anakula hei tu. Na kumbe hei yenyewe ndo inayosaga meno kuliko kitu chochote, hasa yale ya nyuma ambayo hatuyaoni, miti ni ya kuongezea na ya kumchangamsha tu asichoke akili. Sungura aliyechoka akili anatafuna waya wa banda, anatafuna mfuniko wa ndoo, Pamba alishakula robo ya kile kifuko cha kitambaa cha kubebea vitu sokoni, vile vilivyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2019, ukiviona kama vya nguo kumbe ni plastiki ile ile. Tulikesha. Alitoa nyuzi kwenye kinyesi, tukashukuru Mungu.

Suluhisho la miti lilikua linatuzunguka kila siku hatulioni. Hapa si ndo nchi ya zabibu? Mjomba wangu ana shamba Hombolo, na mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, maana yake unakatwa matawi mara mbili, na yale matawi wanayachoma. Fimbo za mzabibu ni nzuri mno kwa sungura, gome lake linachanika nyuzi nyuzi wanalipenda, ndani ni gumu kiasi chake. Ila, na hii ila ni kubwa, mashamba ya zabibu yanapigwa dawa za ukungu na unga wa kiberiti (salfa), tena mara nyingi, kwahiyo sichukui fimbo ya shamba nisilolijua. Mjomba aliniachia mistari minne ya nyuma ya nyumba anayokula mwenyewe na wajukuu, haipigi dawa, ndo nakata huko. Naziosha, nazianika wiki mbili juani, nazikata za urefu wa kiganja. Nikimpa Pamba anaikamata kwa meno anaitupa, anaifuata, anaitupa tena, ndo anakaa chini kuimenya.

Mforosadi nao, majani na matawi yote, huo anakula mpaka unamuonea huruma, nilipanda kijiti tu pembeni ya tanki la maji sasa hivi umenizidi urefu. Mianzi mikavu sawa. Mkeka wa ukili usio na rangi, kile kipande kilichochakaa, namkatia anaupasua pasua siku nzima. Ila wa rangi rangi hapana, na kamba ya manila hapana kabisa. Na miti ambayo siitaki karibu na banda ni mparachichi, jani mpaka gome, mnyaa ule wa uzio wenye maziwa meupe ambao umejaa Dodoma nzima, mbono, mnyonyo, na yale maua ya uzio madogo ya rangi mbili tatu wanayaita lantana. Mlusina nao watu wanawapa kwa sababu ni wa kijani wakati wa kiangazi, una sumu yake ukizidi, manyoya yanaweza kunyonyoka, mi nimeuacha.

Kuhusu chini kabisa ya banda siku hizi naweka gazeti la kawaida, siyo majarida yale yanayong'aa, juu yake boksi nimetoa selotepu yote na pini zote, hapo uchukue muda, pita na vidole siyo macho, pini moja ya boksi la tivii niliikuta kwa kunichoma. Juu ya boksi nyasi. Boksi pia limesaidia miguu, maana banda la kwanza fundi alinitengenezea chini waya mtupu akasema usafi ni rahisi, Pamba akatoka upara nyuma ya nyayo, ngozi nyekundu, sungura hana vile vinyama vya chini ya mguu kama paka, ana manyoya tu, waya unayamaliza. Mifuko ya saruji usiweke hata ukiikung'uta. Pale penye mkojo natoa kila siku asubuhi, kipimo changu ni kuinamisha uso wangu mpaka usawa wa sungura, kama macho yananiwasha mimi kwa dakika moja, yeye amekaa hapo masaa ishirini na nne.

Na misimu ina mambo yake. Mwezi wa sita na wa saba nyasi naziweka nene mpaka anapotelea humo unaona masikio tu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja napunguza, natoa mpaka kona moja ibaki na kigae kitupu chenye ubaridi, pembeni chupa ya maji yaliyoganda nimeizungushia kitambaa cha pamba, maana joto linawaua haraka kuliko baridi, na nyasi nene saa nane mchana ni kama kumfunika blanketi.

Mwaka uliofuata binti yangu alikubali tuchukue jike mwingine, kahawia, akamuita Zabibu. Alipopata mimba nilihesabu siku, ni kama 31 hivi, siku ya 27 nikamuwekea boksi la mbao ambazo hazina dawa na safari hii niliuliza mbao mpaka fundi akacheka. Dada mmoja alinambia niweke pamba ya dukani na vitambaa watoto wapate joto, nikakataa, nyuzi zinajizungusha kwenye vimiguu vya watoto zinakata damu. Nikaweka hei ya Kongwa tu, nyingi, nikaondoka.

Usiku wa siku ya 30 binti yangu akaniamsha twende tukaangalie na tochi ya simu, tukachungulia bila kelele. Zabibu alikua amejaza hei mdomoni, imetoka pande zote mbili kama masharubu, nikangoja aanze kutafuna. Hakutafuna. Akaibeba mpaka kwenye boksi, akaishusha, akaikandamiza kwa kidevu, akarudi kuchukua nyingine, alafu akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani kwake anayatandika juu.